Nyungu Isiyonukia

Wifi yangu alichemsha majani ya mkaratusi, mchaichai na maganda ya limao, akanifunika blanketi gubigubi. Ilikuwa Februari 2021, Temeke. Mvuke ulinichoma mashavu, jasho likanitiririka mpaka magotini, lakini harufu hakuna. Nikamwambia, "Wifi, umesahau mkaratusi." Akafunua blanketi, akanionesha majani yakielea kwenye sufuria.

Mimi ni mama lishe. Kwa pua najua kitunguu kimeiva cha kutiwa nyanya, najua wali umeanza kushika chini, najua tui limechacha kabla sijalionja. Pale chini ya blanketi niliogopa kuliko nilivyoogopa kikohozi.

Wiki zile kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na mtu anayekohoa, na waliokufa tuliambiwa walikuwa na changamoto ya upumuaji. Tarehe 17 kilitangazwa kifo cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na siku hiyohiyo cha Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Takwimu za taifa za UVIKO-19 zilikuwa zimekoma tangu mwaka 2020, kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Sikupimwa, wala simjui jirani yangu aliyepimwa. Nililala siku kumi na mbili nikiitafuta pumzi. Ya kumi na tatu nikaketi, nikanywa uji, tukamshukuru Mungu tukidhani yamekwisha.

Mwezi wa nne nikarudi bandani. Nikakalia mbuzi nikune nazi kama miaka yote, na nazi ya kwanza sikuimaliza. Mikono ililegea, moyo ukanienda mbio, ikabidi wifi aninyanyue. Siku nyingine nilijiona mzima, nikafua, nikapika, nikadeki. Kesho yake na keshokutwa sikuweza kuinua hata sufuria tupu. Mimi niliyekuwa naweka madeni ya wateja wote kichwani bila daftari, nikawa nasahau nani amelipa. Siku moja maharage yaliungua nyuma yangu, wateja wananiita, "Mama, jikoni!", nami nilikuwa nimeinama namenya viazi, sijasikia harufu yoyote.

Zahanati walinipima malaria, homa ya matumbo, presha, sukari, na virusi vya ukimwi mara mbili. Kila jibu lilikuwa zuri, na kila jibu zuri lilizidi kunishushia heshima. Mganga mmoja akaniambia nina mawazo. Mtaani wakasema ni uvivu, wengine wakasema nimetupiwa kitu. Nililia sana kipindi kile, na si kwa maumivu. Baba watoto peke yake hakutaka cheti. Alikwenda kwa fundi seremala, akarudi na kigoda kirefu ili nikoroge ugali nimekaa. Hakusema neno, akakiweka karibu na jiko.

Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali hii ya baada ya UVIKO-19: dalili ambazo kwa kawaida huonekana miezi 3 tangu kuugua, zikadumu angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Muuguzi anayekula kwangu ndiye aliyenieleza, akanambia pia kwamba maelezo yale yanamhusu aliyethibitika kuambukizwa na hata anayedhaniwa tu. Nilimwomba alirudie hilo la mwisho. Mpaka leo sina karatasi inayosema niliugua nini, lakini siku ile nilirudi nyumbani nimenyoosha mgongo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kunusa upya. Asubuhi na jioni nachukua karafuu, limao, iliki na jani la mkaratusi, kila kimoja nakinusa taratibu huku nakikumbuka kilivyokuwa. Miezi ilipita bure. Nguvu nazo nikajifunza kuzipima kama mkaa wa kopo: ukiumwaga wote jikoni asubuhi, jioni huna cha kupikia. Nikiona leo nimeamka vizuri, ndipo nachunga zaidi. Nakuna nazi moja, napumzika, nakuna ya pili. Chapati nimeacha, maana kusukuma kunanimaliza.

Tarehe 5 Mei 2023 dunia ilitangaziwa kwamba dharura ya UVIKO imekwisha. Nilifurahi kwa ajili ya wote. Kwangu karafuu ilikuwa imerudi, iliki inakuja na kuondoka, na kitunguu kikikaangwa kilininukia kama mpira unaoungua. Mpaka sasa kiko hivyohivyo, na wifi ndiye anayenionjea mchuzi.

Kama nyumbani kwako yuko mtu aliyeugua miaka ile, na tangu hapo anachoka kwa kazi ndogo, anasahau, au anasema chakula hakina harufu, mpeleke akapimwe magonjwa mengine, maana huenda yapo. Majibu yakirudi hayana kitu, nakuomba umwamini, na umletee kigoda.