Kadi Ilikuwa Nzima

Mtu akishavuka miaka hamsini huwa mwepesi wa kuhukumu kuliko kuuliza. Jambo hilo nilifundishwa mwaka 2016 na kompyuta ya mkononi iliyokuwa na umri wa miaka saba.

Kompyuta hiyo iliingiwa na virusi, hata kuwaka kwake kukawa kwa taabu. Niliamua kuifuta yote na kuiwekea Windows 7 upya kutoka kwenye dividii. Kazi ilikwisha saa nne usiku. Mashine ikawaka kwa wepesi, lakini intaneti haikuiona kabisa. Niliizima na kuiwasha mara tatu, wapi!

Juzi yake mpwa wangu, kijana wa kidato cha tano, alikuwa ameichukua kwenda nayo shuleni, ndani ya begi, juu ya bodaboda. Akili yangu ikakimbilia huko. Nilimwamsha usingizini, nikamwambia ameiangusha na kadi ya mtandao imekufa.

"Sijaiangusha, Mjomba," alisema, mara moja tu.

Nikamjibu kwamba kila mwongo huanza hivyo. Asubuhi aliondoka bila kunywa chai.

Nilipobaki peke yangu ndipo nilipofungua orodha ya vifaa vya mashine, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kufungua kinywa. Kadi ilikuwepo. Kando yake palikuwa na pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Maana yake mashine inakiona kifaa, ila haina draiva, yaani programu ya kuiwezesha kusemezana nacho. Kadi iliyokufa kwa kawaida haionekani hata kwenye orodha. Draiva ya zamani niliifuta mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, pamoja na mengine yote.

Sasa draiva iko kwenye intaneti, na intaneti haipatikani bila draiva. Nilizitazama sifa za kile kifaa, nikanakili kwenye karatasi: VEN_14E4, DEV_4315. Namba ya kwanza humtaja mtengenezaji, nayo ni ya Broadcom; ya pili hukitaja kifaa chenyewe. Nikaenda kwenye mkahawa wa intaneti, nikaipakua draiva kwenye flashi. Ilikataa, kwa kuwa ilikuwa ya biti 32 na Windows yangu ni ya biti 64. Nikarudi tena juani. Ya pili ilikubali, na majina ya mitandao ya majirani yakajitokeza moja baada ya jingine.

Nilitazamia kufurahi, lakini furaha haikuja. Kwetu mkubwa hamwombi mdogo radhi kwa urahisi. Humwongezea kipande cha nyama kwenye sahani, mambo yakaisha. Safari hii niliona nyama haitoshi. Kijana aliporudi jioni nilimwita, nikamwonyesha ile karatasi, nikamweleza yote, kisha nikasema, "Nimekukosea."

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima?"

"Nzima tangu mwanzo."

"Mjomba," alisema polepole, "ungeniuliza tu usiku ule, tungechomeka simu yangu kwa waya, ikakupa intaneti."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimemwamsha mtu mwenye dawa ili nimshitaki kwa ugonjwa.