Jicho la Silikoni

Msomaji wangu, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni katika damu hakina muujiza wowote. Upande mmoja kina taa mbili, moja nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho yetu. Upande wa pili kina kipande cha silikoni, ambacho kikipigwa na mwanga hutoa umeme. Damu yenye oksijeni huupitisha mwanga mwekundu kwa wingi. Isiyo nayo huumeza. Silikoni hupokea kinachobaki, nayo mashine hupiga hesabu. Wazo hilo lilitolewa na Takuo Aoyagi wa Japani mwaka 1974.

Masika moja nilimpeleka shangazi yangu zahanati, kule Mohoro, akihema kwa shida. Alikuwa ametoka harusini, kucha za mikono zimekolea piko. Muuguzi akabana kidole, namba haikuja. Akabana kingine, ikaja, ikapotea. "Mama, hebu nipe cha mguu," akasema. Ikasoma 93. Wala hakuridhika nayo. Alishika saa, akahesabu pumzi dakika nzima, kisha akatuandikia barua ya kwenda Utete usiku uleule. Shangazi yu hai.

Wako wataalamu wanaolinoa jicho la silikoni. Hupanga juu yake vijiti vya dhahabu, vyembamba kuliko unywele mara mamia. Mwanga ukivipiga, elektroni za dhahabu hutikisika, na baadhi huruka zikaingia ndani ya silikoni. Huo ndio umeme. Mwaka 2011 Naomi Halas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kuwa kwa njia hiyo silikoni huhisi hata mwanga ambao peke yake haiuoni kabisa, ule wa mawimbi yanayozidi nanomita 1,100 hivi. Umeme waliopata ulikuwa haba, lakini ulipatikana.

Siibezi elimu hiyo. Ila kwa kibanio chetu, kasoro inayonitia hofu haimo jichoni, imo katika hesabu. Weusi wa ngozi nao humeza mwanga, na hesabu ilipatikana kwa kupima watu waliojitolea, wengi wao weupe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta kuwa kwa wagonjwa weusi kifaa kiliukosa upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Dhahabu haitibu hilo. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya huko ilitoa rasimu inayotaka kila kifaa kijaribiwe kwa watu 150 au zaidi, wa rangi mbalimbali. Natamani wenye piko nao waitwe.