Mia za Southampton, Tano za Nairobi

Gari linalokwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kisha likavishwa nembo ya kobe, haliwezi kuwa limetungwa na watu wasiopenda mzaha. Jina lake ni Gordon-Keeble. Yalitengenezwa mia moja tu, hapahapa upande wetu wa kusini mwa Uingereza, kuanzia 1964, na mwenye nalo leo hutembea kifua mbele hata kama sweta lake limetoboka viwiko. Inasimuliwa kwamba siku ya kupiga picha za mwanzo kobe wa kufugwa alijikokota akapita mbele ya kamera, wenyewe wakacheka, wakaamua abaki. Mimi mtoto wa Mombasa, niliyezoea kobe wa Bamburi, nembo hiyo ilinivuta kabla ya gari lenyewe.

Nakaa Southampton. Kiwanda kilikuwa Eastleigh, penye uwanja wa ndege ambako Spitfire iliruka mara ya kwanza mwaka 1936. Mkenya akisikia Eastleigh huwaza Nairobi, na Eastleigh ya Nairobi nayo ina uwanja wake wa ndege za jeshi, ulioanzishwa na hao hao Waingereza. Nikimwambia mama kwenye simu kwamba jana nilikuwa Eastleigh, huniuliza bei ya madera.

Habari ya gari lenyewe inaanzia 1959. Rubani mmoja wa jeshi la anga la Marekani alitaka injini ya Chevrolet Corvette itiwe ndani ya gari la Kiingereza, Peerless. Kazi ikamfikia Jim Keeble. John Gordon, aliyetoka kampuni hiyo ya Peerless, akaona matokeo, na wawili hao wakaungana. Wakaunda fremu ya mabomba ya chuma ya mraba, wakaipeleka Turin kwa Bertone, na huko kijana wa miaka 21, Giorgetto Giugiaro, akaichorea bodi. Huyo ndiye aliyekuja kuchora Volkswagen Golf ya kwanza na Fiat Uno, kwa hiyo hata asiyewahi kusikia jina la Gordon-Keeble huenda amewahi kupanda kazi ya mkono wake.

Lilionyeshwa Geneva Machi 1960, likasifiwa sana, na sifa hazikuleta fedha. Ilichukua miaka minne kabla ya kuanza kuuzwa. Bodi sasa ilikuwa ya faibaglasi badala ya bati, injini ya V8 ya lita 5.4 yenye nguvu za farasi 300, breki za diski magurudumu yote manne, na ndani swichi zimepangwa kwa mtindo wa ndege. Bei ikawekwa pauni 2,798. Hapo ndipo walipojimaliza, maana bei hiyo haikuweza kurudisha gharama ya gari la namna ile. Vipuri navyo vikawa haviji kwa wakati kutoka kwa waliowauzia. Kampuni ikaanguka 1965 ikiwa imetoa magari kama tisini. Wakaja wanunuzi wapya, wakaendelea kidogo kwa jina la Keeble Cars, nao wakashindwa; jumla ikafika 99, na la mia likaunganishwa baadaye kwa vipuri vilivyobaki.

Kwa hiyo uhaba huu haukupangwa na mtu. Siku hizi yapo makampuni yanayotengeneza magari machache makusudi ili bei ipae. Gordon na Keeble walitaka kuuza mengi. Wanaolienzi gari hili leo wanaenzi hesabu iliyokataa kutoka.

Na wanalienzi kweli. Majira ya joto, siku ya Jumapili, huyaegesha kwenye nyasi, hufungua boneti, huketi kwenye viti vya kukunja na chupa za chai. Hulitaja gari kwa namba yake kama watu wa Lamu watajavyo nasaba: hili lilimfuata lile, lile lilikwenda ng'ambo likarudi, hili liliozea bandani mpaka fulani akalikomboa. Chama chao kinasema zaidi ya tisini bado yapo. Kwa gari la miaka sitini, tisini kati ya mia ni ajabu. Faibaglasi hailiwi na kutu, hiyo ni sababu moja, na injini ya Chevrolet inapatiwa spea mpaka leo. Sababu nyingine ni ukaidi tu. Mzee mmoja, niliyezoeana naye kwa kusimama mno karibu na gari lake, hukataa kuitwa mwenye gari. Yeye ni mlinzi, anasema, analishikilia mpaka aje mwingine.

Sheria nayo imekaa upande wao. Uingereza, gari likifikisha miaka arobaini husamehewa kodi ya barabara, na ukaguzi wa kila mwaka halilazimiki, mradi lisiwe limebadilishwa kupita kiasi. Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, mambo ni kinyume: gari la mtumba lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia nchini. Nimeishi chini ya sheria zote mbili na ninazielewa zote mbili. Nchi inayoletewa magari yaliyochokwa na wenzake lazima iweke kizingiti mahali. Nchi iliyoyatengeneza inaweza kuwa na huruma kwa vikongwe.

Linalonichekesha ni hili. Injini ya Marekani, bodi ya mchoro wa Mwitaliano, hata wazo la kwanza lilitokana na rubani mgeni, na wote pale kwenye nyasi wanakubaliana kwamba ni gari la Kiingereza, tena halisi. Hakuna anayeliuliza limetoka wapi hasa. Mimi kodi nalipa hapa, watoto nimezalia hapa, pasipoti ninayo, na swali hilo hunifikia kabla chai haijapoa. Huulizwa kwa upole, ndiyo maana ni taabu kulijibu kwa ukali. Mombasa nako, nikitoka uwanja wa ndege wa Moi, mwenye teksi hunitajia bei ya mgeni kabla sijafungua kinywa. Nikikifungua, Kimvita changu huiteremsha bei hiyo, lakini haifiki chini kabisa.

Gari hupewa uenyeji upesi kuliko mtu, na kwetu ni vivyo hivyo. Peugeot 504 ilikuwa ya Wafaransa, lakini nani Kenya aliyewahi kuihesabu hivyo? Iliunganishwa nchini miaka mingi. Ilibeba abiria wa safari ndefu, ikabeba mahindi, bibi harusi na maiti, wakati mwingine ndani ya juma moja. Baba mdogo alikuwa nayo. Mwisho wa maisha yake ile Pijo ilikuwa na radieta ya Toyota, kiti cha nyuma cha Datsun, na kioo cha mlango kilichopandishwa kwa kiganja. Kwenye nyasi za huku kwetu Hampshire wangeiona ni kituko. Kwao uhalisi ni gari kubaki na kila lilichozaliwa nacho. Baba mdogo alijua jambo moja tu kuhusu uhalisi: ametoka Mombasa alfajiri, adhuhuri yuko Taveta.

Ndivyo tulivyozoea kusifu. Mwaka huohuo wa 1965, Gordon-Keeble likifilisika huku, Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, na watu wakalipenda gari lile kwa kuwa liliingia matopeni likatoka. Sisemi kwamba Kenya haina watunza magari ya kale. Mashindano ya Concours d'Elegance yamefanyika Nairobi tangu 1970, na humo mna boneti zinazong'aa kushinda za hapa. Lakini hayo nayo ni magari yaliyotoka nje.

Gari lililozaliwa nyumbani ndilo tulilolinyima uenyeji. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari. Yakatoka matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, yakafikia kasi ya kilomita 120 kwa saa. Yakazinduliwa 1990, na shirika likaundwa, Nyayo Motor Corporation, ili yatengenezwe kwa wingi. Fedha hazikupatikana. Hakuna raia aliyewahi kulinunua. Likabaki mzaha wa ndani ya matatu: mtu akichelewa kazini anaulizwa kama amekuja na Nyayo.

Ugonjwa ulioyaua magari haya mawili ni mmoja, ukosefu wa fedha, ila mazishi ndiyo yaliyotofautiana. Na katika hili siwezi kuwalaumu wenzangu moja kwa moja. Mradi wa Nyayo ulikuwa wa serikali, wakati ambao mambo ya serikali yalishangiliwa kwa amri, na kicheko cha chinichini kilikuwa ndiyo maoni pekee mtu aliyoweza kuyatoa bure. Gordon-Keeble halikulazimishwa mtu alipende. Lilipokufa, waliolililia walilia kwa hiari. Ni vigumu kuwa mlinzi wa kitu ulichoamrishwa kukipigia makofi.

Hata hivyo matano si mengi. Mia wameweza kuzihesabu watu wastaafu kwa kalamu na barua.

Nilimsimulia yule mzee wa kobe habari za Nyayo, nikitarajia acheke kidogo, kwa adabu. Hakucheka. Aliuliza injini ilitoka wapi, bodi ilikuwa ya bati gani, kisha akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa: namba moja iko kwa nani sasa?

Nina mpwa anayesomea uhandisi Nairobi. Nilimwandikia akaulize, matano yote, moja baada ya jingine, na kila atakalopata aandike. Jibu lilikuja baada ya siku chache. "Shikamoo mjomba. Karakana wamenituma ofisini, ofisini wamenituma kwa mzee mmoja aliyestaafu, anakaa mbali. Nauli utatuma kwa M-Pesa ama nikuandikie ankara?" Nimetuma. Nimemwambia aanze na namba za fremu, picha zitafuata.