Tofali ni la Wote, Hadithi Ina Mwenyewe

Machi 2025 Lego na kampuni ya Pokémon zilipotangaza kwamba zitafanya kazi pamoja kuanzia mwaka 2026, habari hiyo ilifika viwanja vya shule vya Montreal siku hiyohiyo, na watoto wakaijadili kama sisi tunavyojadili mchezaji aliyehama Simba ya Msimbazi akaenda Yanga ya Jangwani. Tangu 2017 Pikachu wa matofali alikuwa wa Mega, na Mega ni chapa iliyozaliwa mji huu ninaoishi. Victor na Rita Bertrand walianzisha kampuni yao ya midoli, Ritvik, hapa Montreal mwaka 1967. Katikati ya miaka ya 1980 wakatoa matofali makubwa ya plastiki yanayoenea mkono wa mtoto anayejifunza kutembea, wakayaita Mega Bloks. Mwaka 2014 Mattel, wenye Barbie na Hot Wheels, wakainunua kampuni nzima kwa takriban dola milioni 460 za Marekani. Kwa hiyo Pikachu kwenda kwa Wadenmark wa Lego ni jambo ambalo watu wa hapa wameliona.

Mimi ni mtoto wa Dodoma, wa Chang'ombe, na kila nikiingia duka la midoli huku nalipima kwa macho ya Soko la Majengo. Rafu za huku zimepangwa kwa hadithi. Kuna upande wa Star Wars, upande wa Harry Potter, upande wa magari ya Formula 1, na upande wa Mega wenye askari wa Halo. Mzazi akiingia hasemi anataka matofali, anataja filamu. Na bei inafuata filamu hiyo, maana katika kila boksi kuna fungu la mwenye hadithi.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba wakubwa hawa hawagombanii tofali. Tofali walishaligombania, na ugomvi huo umekwisha.

Lenyewe, lile lenye vinundu juu na uwazi chini, halikuanzia Denmark. Mwingereza Hilary Fisher Page, mwenye chapa ya Kiddicraft, alisajili hataza za matofali ya kushikana katika miaka ya 1940. Ole Kirk Christiansen, seremala wa Billund aliyeanza kuchonga midoli ya mbao mwaka 1932, aliona sampuli za Page aliponunua mashine ya kumimina plastiki, na mwaka 1949 kampuni yake ikatoa matofali yaliyofanana nayo. Mchango wa Lego wenyewe ulikuja tarehe 28 Januari 1958, pale Godtfred, mwana wa Ole Kirk, alipoombea hataza mirija ya ndani inayobana vinundu vya tofali la chini. Mirija hiyo ndiyo inayofanya mnara usimame mtoto akiusogeza. Ni ugunduzi mdogo na mzuri sana, na unastahili heshima yake.

Lakini hataza ina umri. Ya mwisho ya Lego nchini Canada ilimalizika mwaka 1988, na Ritvik wakaanza kutengeneza matofali madogo yanayoshikana na ya Lego. Lego wakaenda mahakamani wakidai kwamba vinundu vile ni alama yao ya biashara. Tarehe 17 Novemba 2005 Mahakama ya Juu ya Canada ikawakatalia: umbo lililopo kwa sababu linafanya kazi haliwezi kufanywa alama ya biashara ili kurefusha hataza iliyokufa. Septemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikafikia uamuzi kama huo kuhusu tofali jekundu la vinundu vinane. Kilichobaki mikononi mwa Lego ni yule mtu mdogo mwenye kichwa cha mviringo na mikono ya kushikia. Huyo mahakama ya Ulaya ilimlinda mwaka 2015, kwa kuwa ana sura yake.

Weka kesi hizo kando ya kesi ya Lepin. Hawa walikuwa Wachina wa Shantou waliokuwa wakinakili seti za Lego boksi kwa boksi: picha ya nje, mpangilio wa vipande, kitabu cha maelekezo, kila kitu. Aprili 2019 polisi wa Shanghai waliwavamia, na mwaka 2020 kiongozi wao akahukumiwa kifungo cha miaka sita. Ritvik walitengeneza tofali lilelile wakashinda, Lepin wakatengeneza tofali lilelile wakaenda jela. Tofauti ni kwamba Lepin walibeba na hadithi.

Na hadithi ya kukodi ina hatari yake. Lego walichukua leseni ya Star Wars mwaka 1999, kisha Harry Potter mwaka 2001, wakauza kwa wingi. Mwaka 2003 hakukuwa na filamu mpya ya yoyote kati ya hizo, mauzo yakaporomoka, na kampuni ikakaribia kuanguka kabla ya Jørgen Vig Knudstorp kukabidhiwa uongozi mwaka 2004. Kilichowashika mkono wakati huo kilikuwa Bionicle, hadithi waliyoitunga wenyewe. Mwaka 2011 wakatunga nyingine, Ninjago, ambayo hadi leo inajaza rafu bila ya wao kumlipa mtu wa nje. Wapolandi wa Cobi, kule Mielec, wamekwenda njia yao: wamejijenga kwa vifaru na ndege za Vita Kuu ya Pili, historia iliyopita juu ya ardhi yao.

Sasa tuje Dodoma.

Pale Majengo, na pale Soko la Machinga la Barabara ya Bahi, matofali ya plastiki huja kwenye mfuko wa zipu au kindoo chenye mfuniko. Mzigo unatoka China hadi Kariakoo, unanunuliwa kwa jumla, unapanda lori au basi hadi kwetu. Hakuna Star Wars. Mara nyingi hakuna jina lolote la maana kwenye mfuko. Nilipokuwa nyumbani nilimuuliza kijana mmoja wa duka kama anazo Lego.

"Kaka, haya ni matofali tu," alinijibu. "Wewe chukua, yanashikana vizuri."

Yalishikana kweli. Na alichokuwa akiuza ni halali. Mahakama ya Juu ya Canada iko upande wake. Ila kwenye msumari wa duka hilohilo lilining'inia begi la shule lenye Spider-Man, na jingine lenye Elsa wa Frozen, na sidhani kama senti moja ya mabegi hayo ilivuka bahari kwenda kwa mwenye picha. Sokoni kwetu tofali halina hadithi, na hadithi inakaa kwenye begi bila ruhusa. Watu wengi wanaotaja bidhaa feki huitupia lawama plastiki ya Kichina yote kwa pamoja. Nadhani tunapaswa kutenganisha. Mfuko wa matofali yasiyo na jina, kama plastiki yake ni salama kwa mtoto, ni biashara safi. Kazi ya TBS, shirika la viwango, ni kuangalia usalama huo, na kazi ya Tume ya Ushindani ni kuangalia picha ya mtu mwingine iliyobandikwa juu.

Mpwa wangu wa Ilazo hajui chapa yoyote. Alijenga treni ya SGR, ile ya umeme iliyoanza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam Julai 2024, kwa vipande vya rangi zote, bila kitabu cha maelekezo, akaniambia, "Mjomba, hii inaishia Morogoro, matofali yamekwisha." Huku Montreal mtoto mwenye seti ya leseni hujenga mara moja, kwa kufuata kurasa, kisha kitu kinakwenda rafuni na kukusanya vumbi. Ndiyo maana nazipenda zile maktaba za midoli za huku, joujouthèque, ambako vipande vya chapa zote vimechanganyika kwenye sanduku moja na mtoto anaazima kama anavyoazima kitabu. Hata hivyo sitasema kwamba kukosa hadithi ni neema. Mpwa wangu alikuwa na hadithi, ni treni iliyopita karibu na kwao. Hakuna aliyemuuzia seti yake.

Dodoma ndipo hasa mahali pa kuuliza jambo hili, maana ni mji unaojengwa mbele ya macho ya watoto. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa. Mpango mkuu wa kwanza wa mji, wa mwaka 1976, ulichorwa na kampuni ya Toronto, Project Planning Associates, kwa hiyo Canada imewahi kupanga matofali yetu ya kweli kabla sijaja kuyaona yake ya kuchezea. Tangu serikali ilipohamia kwa kasi kuanzia 2016, mtoto wa Ihumwa au Mtumba anaamka na kuona kreni, lori la kokoto, ghorofa iliyoongezeka. Lego waliwahi kutoa seti za uwanja wa Old Trafford na wa Santiago Bernabéu. Mji wa Serikali wa Mtumba ungekuwa seti nzuri kuliko zote mbili.

Na kabla ya kreni, watoto wa Kigogo walikuwa na seti yao. Walifinyanga ng'ombe kwa udongo, wenye nundu na pembe, wakajenga tembe ndogo yenye paa la bapa na ua katikati, wakaswaga mifugo, wakalipana mahari. Nyumba, wahusika, mali na mkasa, vyote vilikuwemo, na kila mtoto alikuwa mtunzi. Mvua ilipokuja vikayeyuka, msimu uliofuata wakaanza upya.

Wengine watasema Tanzania hatuna utamaduni wa leseni. Tunao, tena mkali. Angalia jezi za soka. Yanga na mzabuni wake GSM, Simba na wazabuni wake waliopokezana, Vunjabei kisha Sandaland: hiyo ni leseni ya hadithi kwa maana kamili. Kitambaa ni kitambaa, mtu yeyote anaweza kushona fulana nyekundu au ya kijani. Kinacholipiwa ni nembo. Siku ya uzinduzi watu wanapanga foleni Dar na Dodoma, mzabuni anapiga vita jezi feki, na shabiki mwenyewe anamkemea jirani aliyevaa feki kwa kuwa anainyima timu yake pesa. Hakuna aliyemfundisha shabiki huyo sheria ya alama za biashara. Ameielewa kwa sababu anampenda mwenye hadithi.

Upande wa watoto wadogo, hadithi ipo pia. Ubongo, kampuni ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2013, ilimtoa Akili, mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye akilala huenda nchi ya Lala kujifunza herufi na namba pamoja na wanyama rafiki zake. Watoto wa nchi kadhaa za Afrika wanamjua. Mimi bado sijaona kindoo cha matofali chenye Akili kwenye rafu ya Majengo, na kila nikimwona Elsa kwenye begi namfikiria yeye.

Wenzetu hawakusubiri. Mwaka 2024 Lego walitoa Simba mchanga wa The Lion King, chini ya leseni ya Disney. Disney hiyohiyo iliandikisha "Hakuna Matata" kama alama ya biashara Marekani mwaka 2003, na mwishoni mwa 2018 Waafrika wengi wakatia saini ombi la kuipinga. Wamaori wa New Zealand walilalamikia Bionicle mwaka 2001 kwa kutumia majina yao, na Lego wakakubali kutoyatumia katika matoleo yaliyofuata. Malalamiko yana nafasi yake. Lakini aliyeandikisha mapema na kupeleka sokoni halazimiki kulalamika.

Lego wenyewe wanakuja kwetu kwa mlango mwingine. Taasisi ya Lego, inayomiliki robo ya kampuni, imegharamia vituo vya michezo vya BRAC, Play Lab, Tanzania na Uganda, ambako watoto hucheza kwa vitu vilivyotengenezwa na akina mama wa mtaani: vibuyu, vitambaa, mbao, maboksi. Faida ya matofali ya plastiki inalipia midoli ya nyumbani. Naiona ni kazi nzuri. Lakini ni msaada, na msaada haumpi mtunzi wa Dar au mfinyanzi wa Chamwino fungu lake la kila boksi.

Kumimina tofali dogo si kazi nyepesi. Lego hupima tofauti ya vipande vyao kwa sehemu ndogo mno za milimita, na kalibu moja ya chuma ni ghali. Ila tofali kubwa la mtoto wa mwaka mmoja, lile walilopandia akina Bertrand, linasamehe zaidi, na viwanda vya Dar vinavyotoa ndoo, mabeseni na viti tayari vinamimina plastiki mchana na usiku. Hataza haipo. Mahakama zimeshaamua. Kinachohitajika kuongezwa juu ya tofali hilo ni sura ambayo mtoto wa Dodoma anaitambua, na mkataba wa kurasa chache kati ya mwenye sura na mwenye mashine, uliosajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla kontena la kwanza la kopi halijatia nanga.

Ningependa kuanza na klabu, kwa kuwa tayari zina wazabuni, nembo zilizosajiliwa na mamilioni ya watu walio tayari kulipa. Wasomaji wangu mlio karibu na ofisi za Simba, Yanga au Dodoma Jiji, niulizieni: mikataba ya nembo mliyonayo sasa ina kifungu cha midoli ya watoto, au inaishia kwenye jezi?