Ukishuka treni TAZARA na mtoto, safari ndiyo kwanza inaanza

Dar es Salaam. Ukumbi wa stesheni ya TAZARA ni mkubwa kiasi kwamba mtoto akiingia kwa mara ya kwanza huinua kichwa kutazama dari. Wachina waliijenga miaka ya 1970 kwa ajili ya wasafiri wa Mbeya na Zambia, watu wa masanduku na kusubiri. Mama wa Yombo anayewahi kliniki, mtoto mgongoni, hakuwa kwenye hesabu.

Mama huyo aliingia Oktoba 2012, treni za abiria wa mjini zilipoanza na watu wakaziita “treni ya Mwakyembe”, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Reli ilikuwapo, mabehewa yakapatikana. Kipande cha kutoka kwenye behewa hadi kwenye daladala akaachiwa abiria mwenyewe.

Na kipande hicho ndicho kinachochosha. Mama anashuka ngazi za behewa mkono mmoja ukiwa umeshika mtoto, anapita kwenye uwanja wenye jua, bodaboda na bajaji wanamwita, kisha anakutana na Barabara ya Nyerere. Stesheni iko upande mmoja wa barabara, hivyo iwe kwenda au kurudi, mara moja kwa siku lazima avuke. Daraja la Mfugale, lililofunguliwa 2018, liliyapa magari njia ya juu. Mwenye miguu bado yuko chini.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo kivuko mbele ya stesheni ni suala la afya sawa na chanjo.

Jiji sasa lina reli za vipimo vitatu: ya zamani yenye upana wa mita moja, ya TAZARA ya milimita 1,067 na SGR ya milimita 1,435. Treni ya reli moja haiwezi kupita kwenye nyingine. Anayeziunganisha ni abiria, kwa miguu yake.

Mwendokasi, pamoja na kubanana kwake kote, lilionyesha tangu 2016 kwamba inawezekana: sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, mtoto anaingia kwa hatua moja. TAZARA ingehitaji vitu vidogo zaidi: kivuko chenye tuta, daladala zisimame karibu na mlango, taa za jioni na benchi yenye kivuli ambapo mama anaweza kunyonyesha.

Kwa sasa, mzazi apatane nauli ya bajaji akiwa bado ndani ya uwanja, amfunge mtoto mgongoni kabla treni haijasimama, na mwenye kutembea ashikwe mkono upande usio wa magari. Kama kuna kundi linavuka, avuke nalo.