Kuzunguka Lac Vert kwa miguu: mahali pa kupumzika na mahali pa kupita



Wengi wetu tumekaa Goma miaka mingi, lakini njia tunazozijua ni chache: ya soko, ya kanisa, ya maji na ya masomo ya watoto. Jumamosi iliyopita kundi letu lilitembea njia nyingine. Tulikuwa wamama kumi na wawili, na watoto wakubwa kidogo, tukaenda kuzunguka Lac Vert kwa miguu. Tunawaandikia ili na ninyi mwende, na mkienda mjue pa kukaa na pa kutokushuka.

Lac Vert iko magharibi ya mji, upande wa Mugunga, karibu kabisa na Ziwa Kivu. Ni ziwa dogo lililolala ndani ya kinywa cha volkano ya zamani. Toka Katoyi tulipanda pikipiki, tukapitia Ndosho na kufuata barabara ya Sake hadi Mugunga. Hapo tuliuliza wenyeji kwanza kama njia ni salama siku hiyo. Mama mmoja mzee wa pale, anayelima karibu na ziwa, akakubali kutuongoza. Tulianza kutembea saa tatu na nusu ya asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda. Saa hiyo tuliambiwa na wenyeji, na sababu yake mtaiona mbele.

Mwanzo wa njia ni makoro. Ni meusi, yana meno, na yakipata jua yanachoma kama sufuria. Kambambili hazifai kabisa hapa. Vaeni viatu vya kufunga, na mtoto avae suruali ndefu maana akianguka goti linachanika. Ukitazama nchi hiyo utasema ni jangwa, na huku mvua ya Goma tunaijua wote. Maji yakianguka hayakai juu. Yanaingia katika nyufa na matundu ya makoro, yanapotelea chini. Ndiyo maana mji wetu mkubwa hivi hauna mto, na ndiyo maana bidoni hazishuki migongoni mwetu.

Walioyaona ya tarehe 17 Januari 2002 wanakumbuka Nyiragongo ilivyotema moto ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ukaharibu kathedrali ya Mtakatifu Yosefu, na kufika hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulitoka tena, ukasimama Buhene, mlangoni mwa mji. Makoro ya upande wa Lac Vert ni ya zamani kuliko hayo, na udongo umeanza kukaa ndani yake. Tuliona maharagi na migomba imepandwa katika vishimo vyenye udongo wa kujaza beseni moja. Mwongozi wetu alisema udongo mwingine aliubeba mwenyewe kichwani.

Halafu tukapanda ukingo. Ni mkali lakini si mrefu. Wenye magoti mabovu walipanda polepole, wakishikana mikono. Juu kule tulinyamaza. Chini yetu upande mmoja maji ya Lac Vert yametulia, rangi yake kama sombe iliyotwangwa. Upande wa pili Ziwa Kivu, bluu, na mitumbwi midogo kama mbegu. Nyuma yetu, kaskazini-mashariki, Nyiragongo na moshi wake. Tulifuata njia ya ukingo tukizunguka, tukawa tunayaona maji hayo upande huu na upande huu, mpaka tukarudi chini kwa njia nyingine.

Wakati wa kushuka ndipo tulipojifunza neno kubwa la siku hiyo. Jua lilikuwa kali, tumechoka, na pembeni ya njia kulikuwa na bonde dogo lenye majani mabichi na kivuli, upepo haufiki. Mama mwenye mtoto mgongoni alishaanza kufungua kikwembe akitandike pale. Yule mama mzee akamzuia kwa mkono, akasema, "Hapa hatufungi mbuzi." Akatuonyesha kwa fimbo: ndege mmoja amekufa, na mjusi, na vidudu vingi, vyote chini kabisa ya bonde. Hakuna harufu. Hakuna moshi. Kila kitu kilionekana kizuri.

Hayo ni mazuku. Wengine tulikua tukiambiwa ni pepo wabaya wa mahali. Ni gesi ya kaboni, ile tunayoitoa tukipumua, lakini hapa inatoka ardhini kwa wingi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi. Inatelemka kama maji na kujaa katika mashimo na mabonde madogo. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo, inajaa zaidi. Jua na upepo wa mchana vinaipunguza, lakini shimo lenye kina linaweza kuwa nayo hata saa sita. Haionekani wala hainuki. Mtu mzima akisimama, kichwa chake kinaweza kuwa juu ya gesi. Mtoto aliyesimama karibu naye, au aliyelazwa chini, yuko ndani yake. Gesi hii ndiyo iliyotoka katika Ziwa Nyos, kule Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ikatelemka mabondeni na kuua watu karibu 1,700 waliokuwa majumbani mwao.

Wamama, fikirini wale waliokimbia vita toka Masisi na Rutshuru wakapokelewa katika kambi za Bulengo na Lac Vert. Wengi hawakuwa na mazuku kwao. Mtu amechoka, ana watoto, anatafuta pahali palipojificha na upepo, penye majani laini. Anachagua shimo. Hakuna wa kumwambia kama sisi wenyeji hatusemi. Kwa hiyo mkipata mgeni nyumbani, au mama mpya katika kundi lenu, kabla ya kumwonyesha soko mwambieni habari ya mazuku.

Haya ndiyo tuliyokubaliana kufundisha nyumbani:

Kupumzika na kula ni juu, penye upepo, hata kama jua linachoma. Mtoto mchanga halazwi bondeni.

Watoto wasitumwe kuni wala majani ya mbuzi alfajiri upande wa mazuku. Wangoje jua lipande.

Mkiona ndege, panya au vidudu vimekufa pamoja katika shimo, rudini nyuma, na muwaambie majirani.

Mtu akianguka shimoni, usimfuate mbio, hata akiwa mtoto wako. Anayeingia kumwokoa anaanguka naye. Piga kelele, ita watu, tafuteni kamba au mti mrefu wa kumvutia.

Na kwa sababu ya vita: chuma chochote msichokijua njiani, msikiguse. Msitoke katika njia iliyokanyagwa na watu.

Safari nzima ilichukua masaa matatu, pamoja na mapumziko. Bebeni maji ya kutosha, maana njiani hakuna. Sisi tulikula viazi na sambaza juu ya ukingo, upepo ukipeperusha vitambaa vya kichwa, watoto wakihesabu mitumbwi. Yule mama mzee alikula nasi. Tulipomshukuru, alisema anafurahi kuona wamama wa mjini wanakuja kuuliza.

Wanaotaka kwenda na kundi la pili wajiandikishe mkutano ujao. Waje na viatu vya kufunga.