Diski iliyonenepa

Jamani, juzi hapa Sondu laptopu yangu iligoma: imebaki MB 300, na kazi ya mteja ni ya kesho. Mchawi? Diski ya VirtualBox, GB 46! Ndani yake, Linux yadai imetumia GB 11 tu.

Ukifuta faili ndani, Linux huondoa anwani tu. Data hubaki, na diski hiyo hukua bila kurudi nyuma. Nikaiwasha Linux kwa hali ya kusoma tu, nikaendesha zerofree ijaze sifuri kwenye nafasi tupu. Nikaizima, kisha:

VBoxManage modifymedium disk kazi.vdi --compact

Megawati 60 za Sondu Miriu zinazalishwa jirani, nami naombea stima isipotee! Dakika 40. GB 13. Kazi nikaituma saa saba usiku.